Mshono Usio na Uzi

Siku yangu ya kwanza kazini, pale mtaa wa Marshalltown, katika karakana ya viti vya magari, fundi mkuu hakunipa sindano. Alinionyesha kiti cha gari alichokuwa amekimaliza, akasema, "Kaa. Fumba macho. Springi iliyolegea iko wapi?" Sikujua. "Basi kesho utakaa tena."

Ndivyo tulivyofundishwa kushona viti vya magari, ninyi vijana mnaonunua kava za kuvalisha tu. Chini springi, juu yake gunia ili springi isitoboe, kisha sponji, mwisho ngozi. Kiti hakikutoka karakana kabla fundi hajakikalia macho yamefumbwa. Macho hudanganywa, fundi mkuu alikuwa akisema, matako hayadanganyiki.

Baadaye nilihamia karakana moja ya mtaa wa La Rochelle, jiji hilohilo, chini ya meneja wa Kitanzania, mkali kama pilipili. "Mteja halipii ngozi," alitukaripia, "analipia safari." Huko ndiko nilikoshona viti vya gari la marehemu Papa Baraka, Mkongomani mwenzangu na rafiki yangu: gari refu la Kimarekani, la zamani, bampa za kromu. Maharusi wetu wengi wamebebwa humo. Nalipenda gari lile, sifichi.

Nimeshastaafu sasa, macho yamenigomea kutunga uzi. Mwezi uliopita kijana wa marehemu, Baraka, akanipitia nyumbani na gari jipya la Kimarekani alilopewa na wauzaji kujaribu. Limeigiza sura ya kizamani, taa za duara, kromu kila upande. Mama yake alikuwa amekaa kiti cha nyuma, na mgongo wake mbovu wa siku nyingi.

"Papa," Baraka akaniambia, "mama hauzi lile la zamani la baba mpaka wewe useme."

Nilikuwa nimeshaamua kulikosoa. Kromu niliigonga kwa kucha: plastiki. Kwenye dashibodi niliona mshono mzuri ajabu, nikaupapasa. Hamna uzi. Umechapwa tu na mashine, haushiki chochote.

"Hii ni sura tupu," nikasema.

"Eish, Papa, kaa kwanza."

Nikakaa, nikafumba macho. Nikatafuta kosa, nikalikosa. Tulizunguka mtaa wa Rosettenville, mashimo yote yale ya barabarani, na nyuma sikumsikia Mama Baraka akiguna hata kidogo. Katika gari la mumewe huguna njia nzima. Tuliporudi alishuka mwenyewe, bila kushikwa mkono.

"Shemeji," akaniuliza, "hivi vinavishinda viti vyako?"

Ningesema havivishindi, angeniamini, na gari la rafiki yangu lingebaki. Nilimtazama alivyosimama wima.

"Vinavishinda," nikamjibu. "Uza lile."

Wanunuzi walipokuja kulichukua lile la zamani, sikwenda kutazama. Jumapili Mama Baraka akanipigia simu: amekwenda kanisani na kurudi bila kumeza dawa ya maumivu. Nikamwambia nimefurahi, na kweli nilikuwa nimefurahi. Kisha nikaweka simu chini, nikalia.