Ndege Iliyopaa Bila Rubani

Heri niseme mwenyewe, kabla mtaa wetu wa Musaga mzima haujasikia kwa wengine. Mimi ndiye fundi niliyefunga kamera, mikro za kunasa sauti na nyaya mpya kwenye ile ndege ya kufundishia marubani, isiyotoka sakafuni, ili mwalimu aiendeshe kutoka ofisini. Shefu, mkubwa wa kazi, asingeridhika, ningerudi kutengeneza televisheni mtaani.

Mchana nikaingia ndani yake kupangusa vioo. Ghafla picha ya uwanja wa ndege ikawaka mbele yangu, usukani ukajivuta wenyewe, ndege ikapaa. Meza ya zamani ya mwalimu ya kuiongozea nilikuwa nimeing'oa kwa mikono yangu, na ile mipya ya ofisini hakuna aliyekuwa ameijaribu! Nikajua ni majini tu. Nikafumba macho, nikasoma Ayatul Kursi kwa sauti yote, kisha nikalia, "Ya Rabi, nishushe salama! Sitasema tena mama mukwe ni mugonjwa ili nisije kazini!"

"Amina!" ikajibu spika juu ya kichwa changu. Shefu, mwalimu na wanafunzi walikuwa ofisini, wanajaribu mitambo yangu.

"Fundi," akasema shefu, "picha muzuri, sauti muzuri. Kazi tumepokea."

Nikashusha pumzi.

"Na mama mukwe umusalimie."