Gesti yetu ya Bariadi ilivyopambwa Kisukuma, na yaliyompata mama yetu

Wakuu, poleni na majukumu.

Kuna mwenzetu kule jukwaa la ujenzi ameweka picha za hoteli yake anayotaka kuifanyia renovation. Anaomba idea za kuipamba kwa mambo ya asili ya Kisukuma. Nimeona watu wamechangamka, wanamtumia picha za ngoma, vibuyu, vigoda. Nilianza kumjibu pale pale, maelezo yakawa marefu, nikaona bora nifungue uzi.

Majina nimebadilisha. Mengine ni kama nilivyoyaona, na pale ambapo sikuwepo nitasema sikuwepo.

Mimi ni mzaliwa wa Bariadi, Somanda. Ni kitinda mimba wa mama yetu, tumwite Mayu Minza. Mayu kwetu ndiyo mama.

Baba alifariki nikiwa mdogo. Alikuwa mkulima wa pamba kama watu wengine, ila mavuno yakiisha alikuwa mcheza ngoma ya nyoka. Wasukuma humu mnawajua, wale wanaocheza na chatu shingoni, na ndio hao hao mtu akiumwa na nyoka anakimbizwa kwao. Baba alitibu watu wengi sana pale mjini na vijijini. Wapo waliokuwa wanatembea kwa sababu yake.

Kaka yetu mkubwa, Masunga, alikuwa karani kwenye chama cha ushirika cha pamba. Soko lilipofunguliwa wanunuzi binafsi wakaingia, ushirika ukalegea, kaka na wenzake wakapunguzwa kazi. Enzi hizo Bariadi bado iko chini ya Shinyanga, mkoa wa Simiyu haujazaliwa.

Wenzake wengi walirudi kijijini wakakaa. Yeye akajiuliza: hawa wanunuzi wapya wanaotoka Mwanza na Dar, msimu ukifika watalala wapi?

Akachukua kiinua mgongo chake chote, akanunua nyumba kuukuu ya Mhindi mmoja aliyekuwa na duka miaka ya nyuma. Kuta nene, baraza mbele, uani pakubwa. Popo walikuwa wamejaa darini. Tuliisafisha sisi wenyewe, mimi, kaka na mke wake.

Sasa hapa ndipo design ilipoingia.

Kaka alikuwa amelala gesti nyingi katika kazi zake. Alikuwa anasema zote ni moja: ukuta nusu rangi ya bluu, kalenda ya mwaka juzi, basi. Yeye alitaka mtu akiamka asubuhi ajue yuko Usukumani hata kabla hajatoka nje.

Akamfuata mama.

Niwaeleze kidogo kuhusu mama. Kijijini alikokulia, wanawake walikuwa wanapaka nyumba zao udongo na kuzichora baada ya mavuno. Mama alikuwa anajulikana kwa hilo. Anaitwa hadi kwenye nyumba za watu wakiozesha binti zao. Udongo mweupe, udongo mwekundu, masizi. Vidole tu na kipande cha gunzi.

Mwanzoni udongo uligoma kushika kwenye ukuta wa yule Mhindi. Ulikuwa ukikauka unabanduka na kumwagika chini. Mama akawa anachemsha mlenda, anachanganya, anajaribu pembeni, anafuta, anajaribu tena. Siku uliposhika aliniita kwa sauti kama amefumania mtu.

Kila chumba kikapata habari yake. Kuna cha maziwa, vibuyu vyeusi vya kusukia vimepangwa ukutani. Kuna cha ng'ombe. Kuna cha pamba, ukuta mzima ni mbegu na maua ya pamba, ukiwa umelala unaona kama uko shambani. Uani wakajenga msonge wa nyasi ndio ukawa sehemu ya kulia chakula.

Mapokezi, ukuta unaotazamana na mlango, kaka alitaka nyoka. Chatu wa baba.

Mama alisita. Alimuuliza kaka, "Nyoka wa baba yenu akae mlangoni? Wageni hawataogopa?"

"Ndiye watakayekuja kumuona, mayu. Hii ni historia yetu."

Mama akacheka. Akamchora. Chatu mrefu kutoka kona hadi kona, amejizungusha kwenye ngoma, na chini yake mwanaume mmoja ameinua mkono. Alichora huku anaimba zile nyimbo za baba kwa sauti ya chini. Tangu msiba wa baba sikuwahi kumuona na furaha ile.

Wakuu, gesti ilijaa.

Wanunuzi wa pamba walikuwa wanaitana. Maafisa wa wilaya wakileta wageni wao. Kuna Wazungu walikuwa wanatokea Serengeti kupitia Lamadi, gari likaharibika, wakalala kwetu, walipiga picha kila ukuta. Mama alikuwa bado analala kwake Somanda, ila mchana anakaa kwenye kigoda pale mapokezi, anaeleza michoro kwa Kisukuma, mimi natafsiri. Mgeni akishukuru, yeye anajibu "wabeja, ng'wanone", asante mwanangu, hata kama mgeni ana mvi kumzidi.

Kaka alikuwa anatembea na kifua mbele. Ungemuona.

Msimu uliofuata ndio akaja Mzee Rashidi. Mnunuzi wa pamba kutoka Mwanza, mtu mnene, mcheshi sana. Alikuwa amelala kwetu mara nyingi, na siku zote anataka chumba cha pamba. Jioni ile hakumaliza chakula. Aliniambia, "Kabula, kifua kimebana leo, ni hili vumbi lenu." Akaenda kulala mapema.

Asubuhi hakuamka. Kaka alivunja kitasa, tukamkuta.

Daktari wa wilaya alisema ni moyo. Ndugu zake walikuja, walituelewa, wakasema alikuwa na presha ya muda mrefu. Hawakutulaumu hata kwa neno moja.

Mtaani ikawa kivyake.

Chumba chake kilikuwa na maua ya pamba tu. Nyoka alikuwa mapokezi. Lakini kwenye mazungumzo ya watu nyoka alihamia chumbani. Baada ya muda akawa anashuka ukutani. Sokoni nilimsikia mama mmoja akimsimulia mwenzake kuwa marehemu alikutwa na alama shingoni. Mimi ndiye niliyemfunika shuka yule mzee. Hakuwa na alama.

Nilimwambia mama yule hivyo. Aliniangalia tu, akahamishia kikapu chake mkono wa pili.

Mwaka ule mvua ilikatika mapema. Pamba ikawa duni, na hao wanunuzi binafsi bei waliyoshusha mnaikumbuka wenyewe. Watu walikuwa na hasira ambayo haina pa kwenda. Halafu mtoto wa jirani, nyuma ya uani kwetu, akaugua homa akafariki.

Wakuu ambao mliishi Usukumani miaka ile mnajua naelekea wapi.

Mama yangu alikuwa na macho mekundu. Kwetu miti ilishaisha zamani, wanawake wa umri wake wamepikia mavi ya ng'ombe maisha yao yote kwenye jiko lisilo na dirisha. Moshi ule unakula macho. Vikongwe karibu wote walikuwa hivyo. Na bibi wa macho mekundu, mjane, wakati ule, mtu akishamnyooshea kidole kuwa ni mchawi ilikuwa imeisha. Tulikuwa tunasikia huyu kafanyiwa hivi kijiji kile, yule kijiji hiki. Tulikuwa tunasema masikini, tunaendelea na kazi.

Siku moja mchana alikuja mapokezi Mama Gimbi. Huyu ni rafiki wa mama tangu ujana, wamelima pamoja, wamezikiana ndugu. Nilimsalimia, "Mwadila mayu." Hakuitikia vizuri. Nikamvutia kiti, hakukaa.

Alisema kwa sauti ndogo, "Kabula, mwondoe mama yako hapa."

Nikamuuliza kwa nini.

"Mimi sijasema kitu. Hujaniona leo." Akatoka, hata kwa mama hakwenda.

Nilimwambia kaka. Kaka alikasirika. "Hapa ni mjini. Watu wamesoma hapa. Tatizo hawajaelezwa tu."

Ndiyo, wakuu. Kaka yangu aliamini watu wakielezwa wataelewa. Akaitisha kikao pale pale kwenye msonge. Alialika majirani, mwenyekiti wa mtaa, katekista wa parokia yetu. Tukapika pilau. Mama alikaa pembeni na kitenge chake kizuri.

Kaka alisimama akaongea vizuri sana. Alieleza kuwa michoro ile ni utamaduni wetu sote, babu zetu wote walipita humo. Kuwa ngoma ya nyoka ilikuwa burudani na tiba. Kuwa wageni wanatoka mbali kuona kitu ambacho sisi tunakionea aibu. Katekista naye akasimama, akasema anamfahamu Mayu Minza, ni muumini wa misa zote.

Halafu mwanaume mmoja nyuma, mtu ambaye baba alimtibu mguu akiwa kijana, akauliza, "Kwa hiyo Masunga, unakubali kwamba yule nyoka ni wa nyumbani kwenu?"

Kaka akasema, "Ni wa baba, ndiyo, lakini..."

"Na baba alipofariki alimwachia nani?"

Hakuna aliyecheka. Hakuna aliyezomea. Kila mtu aligeuza kichwa akamwangalia mama. Mama akainamia mikono yake.

Mwenyekiti alisema tumeelewana, tule. Watu wachache sana walikula.

Asubuhi niliamka pale gesti kwa kelele ya kukwangua. Mama alikuwa mapokezi na jembe. Amelishika kwa chini karibu na chuma, anamkwangua yule chatu. Ameshafika katikati. Udongo umemjaa kwenye nywele.

"Mayu, acha," nilimwambia.

"Nimechora mwenyewe. Nafuta mwenyewe."

Kaka alitoka chumbani, akasimama pale na singlendi yake. Alitaka kumnyang'anya jembe. Mama alimwangalia, akamwambia kwa Kisukuma taratibu, "Mwanangu, ulitaka nikuonyeshe vitu vyetu. Nimekuonyesha. Sasa niache." Kaka akakaa chini sakafuni. Alilia mbele ya wageni wawili waliokuwa wanasubiri chai.

Mlenda ulikuwa umeshika kweli. Kichwa cha nyoka kiligoma kutoka, akakipaka masizi juu.

Tulimpeleka Maswa, kwa dada yetu aliyekuwa ameolewa kule. Hakubeba kitu zaidi ya nguo na rozari.

Haikupita wiki nzima, watu walikwenda kwenye nyumba yake Somanda. Mimi sikuwepo, nilikuwa gesti. Walikuta hayupo. Walivunja vyungu vyote, wakachoma jiko. Kwa hiyo Mama Gimbi hakutudanganya, na hadi leo simchukii.

Mama aliishi Maswa miaka michache. Dada alimnunulia miwani nyeusi ili watu wa kule wasimuone macho. Alikuwa anaivaa hata ndani. Alikuwa anaivaa akila. Aliacha kwenda misa kwa sababu aliona watu wanaigeukia ile miwani. Mwanamke aliyekuwa anaimba akipaka ukuta, akawa anakaa uani amegeukia ua wa matete siku nzima, mtu akigonga mlango anaingia ndani.

Nilikuwa nakwenda kumwona nikipata nauli. Mara ya mwisho nilimkuta amekonda sana. Nilimuuliza kama anataka nimletee chochote kutoka nyumbani.

Aliniuliza, "Nyumbani ni wapi, Kabula?"

Nilimshika mkono tu.

Alifariki mwezi ule ule. Hatukuthubutu kumrudisha Bariadi. Amelala Maswa, mbali na baba, katikati ya watu wasiomjua.

Kaka alipaka gesti yote rangi ya mafuta, nyeupe. Msonge akaubomoa, akaweka bati. Wageni walikuja kidogo, wakapungua, mwisho akauza akahamia Geita. Mke wake anasema hajawahi kumsikia akilitaja jina la mama. Mimi naye tukiongea kwenye simu tunaongelea hali ya hewa.

Watu wanaposema miaka ile tulipoteza ushirika na bei ya pamba, mimi moyoni namhesabu na mama.

Sasa ndugu yangu mwenye hoteli, ulitaka ushauri. Nimekaa na simu hii tangu asubuhi nikitafuta ushauri wa kukupa. Siwezi kukwambia usichore. Ni vitu vizuri, na vijana wa sasa wanavipiga picha kwa furaha bila kuogopa. Ninachojua ni kwamba sisi tuliwapambia wageni ukuta, tukasahau kwamba majirani nao wanausoma, na wanausoma kivyao. Ukimtoa mzee wako mbele akueleze mambo ya zamani, hakikisha kwanza anaishi salama na watu wanaomzunguka. Zaidi ya hapo sijui. Nimezeeka sijui.

Karibuni mchangie, hata wenye kubisha.

Na kama humu ndani kuna mtu aliyekaa kwenye kikao kile siku ile, chini ya msonge, akageuza kichwa kumwangalia mama yangu, namwomba aandike. Sitakutukana. Nataka tu uniambie ulikuwa unaona nini.