Alama ya Penseli ya Mzee Kombo

Ile siku niliyoshika kifutio naikumbuka mpaka leo, mwanangu, na bado naona aibu. Nilikuwa karani katika duka la vifaa vya boti pale Kinondoni, mali ya Nahodha Salmini, mzee wa Kiarabu, mpole kupita kiasi. Nyuma ya duka alikuwa na rafu ya majarida ya watu wanaozunguka bahari kwa boti za matanga. Kila msafiri aliyepita aliruhusiwa kuandika pembeni, kwa penseli, yale aliyoyakuta njiani.

Kompyuta ndiyo kwanza imefika, tunaifunika kitambaa cha kudarizi. Nahodha akaniagiza nipige picha kurasa zote ziwekwe mtandaoni. Ujana bwana! Nikaona maandishi yale ni uchafu. Nikafuta jarida zima, nikapuliza vumbi la kifutio, ndipo nikapiga picha, nikajipongeza.

Jumatatu iliyofuata akaja baba mmoja, mkewe na binti yao mdogo. Kesho yake walikuwa wanaelekea kusini, wakataka kujua namna ya kuingia ghuba moja huko. Nahodha akafungua kompyuta. Ukurasa safi, unang'aa. Akaenda kuchukua jarida lenyewe, nalo jeupe.

"Hapa Mzee Kombo alichora mwamba," akasema taratibu. "Ulikuwa upande gani?"

Mzee Kombo, baharia mmoja kati ya wale walioandika pembeni, tulishamzika. Niliyeiona alama ile mara ya mwisho ni mimi. Ulimi ulikuwa tayari kusema kushoto, ili tu nisiumbuke. Nikamtazama yule mtoto, amevaa ndala kinyume, anahesabu kamba dukani.

"Sijui, Nahodha. Nimefuta mie."

Hakunifokea. "Aliyeandika jarida alipita pale mara moja," akasema. "Kombo aliugonga mwamba wenyewe. Sasa kijana, utakwenda nao, ukapime."

Siku ya tatu nikawa ndani ya kimtumbwi mlangoni mwa ghuba, nashusha kamba yenye risasi ya kupimia kina, boti yao ikingoja nje. Mwamba ulikuwa kulia, maji juu yake hayafiki kiunoni. Ningesema kushoto, wangepita hapohapo. Nilichora alama upya kwenye jarida.

Leo simu yako ina ramani za bahari nzima, nami sina ugomvi nayo. Majarida yetu nayo yalikuwa na makosa yake. Ila usiamini ukurasa kwa sababu unang'aa. Shuka chini usome waliopita wamesema nini, na lini. Usifute neno la mtu kwa kupenda usafi tu. Usipojua, sema hujui, hata kama wageni wanakutazama. Na ukishapita wewe, andika.

Mungu akupitishe penye kina cha kutosha, mwanangu, akurudishe nyumbani mzima, na akupe moyo wa kumwachia alama yule anayekuja nyuma yako. Amin.