Aproni ya Shuka Kuukuu

Esnath hakuwahi kushika nguo isiyompa sababu ya kumdharau mtu. Pale barazani, jirani na soko la Tukuyu, cherehani yake ilikuwa mahakama. Ukimpelekea gauni alipunguze kiuno, kwanza aliligeuza ndani nje, akakunja pua, kisha akauliza, "Nani alikushonea huu uchafu?" Ukimtaja fundi, umemchongea. Ukinyamaza, umejichongea mwenyewe. Watu walimvumilia kwa sababu mkono wake uliijua kazi kwelikweli, na gauni aliloshona yeye lilivaliwa na dada mtu likaja kurithiwa na mdogo wake likiwa bado zima. Lakini hakuna aliyempelekea nguo bila kujiandaa kusimangwa.

Hata ndoa yake aliidharau mpaka ikavunjika. Mumewe, Ackson wa Suma, mkulima wa chai na ndizi, alikuwa mwanamume mpole aliyeweza kufunga suruali kwa pini mwaka mzima, na Esnath hakumsamehe ile pini. Alimsema mbele ya wakwe, akamsema mbele ya wageni, akamsema hata nje ya kanisa watu wakitoka ibadani. Siku moja Ackson akasema amechoka kukaguliwa kama nguo ya mtumba. Esnath akabeba cherehani yake akahamia mjini. Binti yao Tulia, aliyekuwa ameacha ziwa juzi tu, alibaki Suma, maana ng'ombe wa mahari walikwishatolewa, na kwa wazee wa upande ule mtoto ni wa baba. Baadaye Ackson akaoa mchuma chai aitwaye Felista. Esnath aliposikia kwamba kule Suma Felista ndiye anayeitwa Mama Tulia, aliicheka habari hiyo kwa sauti, halafu akavunja sindano ya cherehani kwa kukanyaga vibaya.

Sasa Tulia alikuwa amemaliza chekechea, na Januari angeanza darasa la kwanza. Wazee walikuwa wamelainika: mtoto aende Tukuyu wakati wa likizo, na kama atataka mwenyewe kubaki na mama yake asome huko, abaki. Esnath alimtaka mwanawe kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote. Na kwa kuwa hakujua kutaka bila kudharau, alianza na waliomlea.

Felista alimleta asubuhi ya manyunyu, kwa bodaboda, wote wawili chini ya mwavuli mmoja.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba," Esnath alijibu, pini zikiwa mdomoni.

"Nguo zake nyingine hazijakauka kwa hii mvua. Nitazileta kesho. Na hiyo aproni usihangaike kumvua, amekataa. Hata kulala analala nayo."

Alipoondoka, Esnath akamgeukia mtoto, na macho yake hayakuanza na uso. Yalianza na aproni.

Ilikuwa ya shuka kuukuu, jeupe la zamani, lenye maua yaliyokwisha kukata tamaa. Felista aliishona kwa mkono, ya kuvaa chekechea ili uji usimwagikie sare. Uzi ulikuwa mweusi, kana kwamba duka zima lilikosa mweupe. Kamba ya shingoni ilitoka kwenye kanga, za kiunoni zilitoka kwenye kitu ambacho Esnath hakutaka kukijua. Pindo lilipanda na kushuka. Na mfuko, Mungu wangu! Ulikaa kombo, mishono yake mingine mirefu, mingine mifupi, mingine imerukwa kabisa, na kwenye kona kulikuwa na fundo la uzi kubwa kama kunde.

"Mama Yussuph, njoo uone," Esnath akamwita Sauda, aliyekuwa akiuza vitumbua upande wa pili wa baraza. "Njoo uone mwanangu alivyovishwa. Kuku akitembea kwenye matope anaacha mstari ulionyooka kuliko huu. Mikono ya kuchumia chai imepewa sindano!"

Sauda alimtazama mtoto kwanza. "Mtoto mwenyewe amenenepa, ngozi inang'aa. Kulea mimba si kazi, Mama Tulia. Kazi kulea mwana."

"Nazungumzia mshono."

"Najua unachozungumzia," Sauda alisema, akarudi kwenye vitumbua vyake.

Esnath akatoa kitenge alichokuwa amekitunza, cha kijani chenye ndege wekundu. Akampima mtoto kwa futi, akakata, na kabla chai ya asubuhi haijapoa alikuwa amemaliza aproni ambayo hata Dar wangeigombania: shingo ya mviringo, marinda chini, mfuko katikati kabisa. Tulia alikuwa amesogea, akanyoosha kidole kugusa gurudumu la cherehani.

"Usiguse! Itakukata."

Mtoto akarudisha mkono. Alipovalishwa, alijitazama kwenye kioo cha wateja, akatabasamu. "Nzuri, mama wa mjini."

Mama wa mjini. Esnath alilimeza hilo. Aliliweka lile swali lake tayari ulimini: utabaki na mimi? Akafungua mdomo kuuliza. Lakini Tulia alikwisha kuichukua ile ya shuka, akaivaa juu ya mpya, akafunga kamba zake mwenyewe.

"Mbona unaifunika?"

"Isichafuke," mtoto akajibu, akaenda kula kitumbua kwa Sauda.

Esnath alichomwa. Mwanamke aliyeshona kama aliyefumba macho alikuwa amekaa juu ya kazi yake! Tena mpaka hapo hakuwa na wazo baya, ila dharau tu. Wazo lilikuja mchana, Tulia alipolala juu ya vipande vya vitambaa nyuma ya meza na Esnath akamvua ile aproni polepole. Akachukua wembe.

"Unafanya nini?" Sauda aliuliza.

"Namsaidia Felista. Naifumua, naishona upya kwa mashine. Shuka lilelile, maua yaleyale. Atanishukuru."

"Mdharau mwiba mguu huota tende," Sauda alisema.

"Mwiba gani? Huu ni uzi."

Akafumua mshono mmoja mmoja, na kila mmoja akaupa tusi lake. Lile fundo la mfukoni alilikata mwisho, akalipuliza likaangukia mtaroni, maji ya mvua yakaondoka nalo. Kisha akashona. Pindo likanyooka, mfuko ukakaa wima, uzi mweupe usionekane. Akaipiga pasi. Moyoni alijisikia mtu mwenye huruma.

Tulia aliamka, akaiona, akaichukua. Akaigeuza. Akachungulia mfuko, akapitisha kidole kwenye kona yake, tena na tena.

"Hii siyo yangu."

"Ndiyo yenyewe. Nimeinyoosha. Si umeona ilivyokuwa imekaa ovyo?"

"Fundo langu liko wapi?"

"Fundo gani?"

"Mfuko nilishona mimi," mtoto alisema. "Mama alishika kitambaa, mimi nikashona. Baba akasema umepinda, tuufumue. Mama akasema hapana, haufumuliwi, ni kazi ya Tulia." Akaipapasa tena ile kona. "Nani amefumua?"

Sauda alipata kazi ya ghafla kwenye kikaango. Esnath, ambaye hakuwahi kukosa neno juu ya mshono wa mtu yeyote wilaya nzima, aliona aibu ikimpanda mpaka masikioni. Kuku kwenye matope! Kumbe alikuwa akimtukana mwanawe tangu asubuhi.

"Nitaurudisha," alisema. "Nitaurudisha kama ulivyokuwa."

Akafumua kazi yake mwenyewe, akatunga uzi mweusi, akaanza kushona mfuko kwa mkono. Tulia alisimama begani pake akiangalia. Esnath alijaribu kupinda, na mkono ukanyoosha. Alijaribu kurefusha mshono, na mkono ukaufupisha ulingane na mwenzake. Miaka yote ya kudharau ilikuwa imekaa kwenye vidole, havikukubali.

"Siyo hivyo," Tulia alisema.

Akajaribu tena.

"Siyo hivyo! Nipe mimi. Wewe hujui."

Esnath akampa sindano. Mtoto akaketi kwenye kigoda, akachomeka ulimi kwenye pembe ya mdomo, akaanza. Akatoboa mbali mno, kisha karibu mno. Lile swali Esnath alilokuwa amelihifadhi lilimkauka. Alijua jibu lake, na alijua si wazee wala ng'ombe waliolitoa.

"Mama akija kesho," Tulia alisema bila kuinua uso, "nimwambie nani ameifumua?"

Esnath aliwaza kusema panya. Aliwaza kusema mvua.

"Mwambie ni mimi," akajibu, akashika kitambaa kisiteleze.