Prosesa ya Core Nane na Vifaranga Arobaini wa Mama

Wakuu, mwezi wa saba mwaka huu mama yangu mzazi alinifuata kwenye shamba la chai na fimbo mkononi, saa nne asubuhi, mbele ya wachumaji wote.

Kosa langu? Sikuwa nacheza gemu.

"Alen! Una roho gani wewe mtoto? Unazima kompyuta unakuja huku kujifanya mchapakazi? Rudi nyumbani ukacheze, sasa hivi!"

Watu waliacha kuchuma wakabaki kunitolea macho. Nikashuka mteremko na kikapu changu mgongoni, hata nusu hakijafika.

Najua mnasema huyu jamaa anatupiga fiksi. Tulieni niwape mkasa wote.

Naitwa Alen, nyumbani ni Mponde, huku juu Usambara. Baba yangu, mzee Rubeni, ni mkulima wa chai na Mlutheri aliyenyooka. Mama yangu, Jenoveva, katokea Rangwi, ni Mkatoliki, na kwa ubishi tarafa nzima hajapatikana wa kumweza. Halafu kuna mdogo wangu Happiness, yupo kidato cha pili, mjanja kuliko sisi wote.

Mimi nina miaka ishirini na minne, kazi sina, nina kompyuta.

Mama aliichukia ile kompyuta kuliko shetani. Alikuwa akipita mlangoni ananikuta na gemu, anasonya, anahamia kwenye Kishambaa. Akishahamia huko ujue umekwisha.

Sasa kuna dada mmoja anaitwa Sabra, alikuwa anafungua ukumbi wa gemu pale Bumbuli. Akaandaa mashindano ya mtandaoni kwa sisi vijana wa milimani. Gemu lenyewe la kurushiana risasi, mmoja kwa mmoja. Mshindi anapewa kazi ya kuusimamia ule ukumbi, mshahara kila mwezi.

Kazi, wakuu! Ya kukaa kwenye kiti!

Nilipambana mpaka nikatinga fainali. Mpinzani wangu akawa Idrisa wa Lushoto mjini, kijana mwenye mdomo mrefu kuliko barabara ya kwenda Soni. Tatizo ni kwamba kompyuta yangu ilikuwa imechoka. Prosesa, yaani ule ubongo wake, ilikuwa ya zamani ya core mbili, yaani vichwa viwili tu vya kufanya kazi. Nikibonyeza kupiga risasi leo, risasi inatoka kesho.

Fainali ilikuwa imebaki wiki tatu. Akiba nilikuwa nayo, nilikuwa nimeuza matunda damu msimu uliopita. Nikamtafuta fundi wangu, Twaha, wa Lushoto mjini. Akanitumia machaguo mawili yanayoingia kwenye bodi yangu.

Ya kwanza ni ya core sita, mpya mpya, inakula umeme kidogo, haipati joto sana.

Ya pili ni ya core nane, kizazi cha nyuma, inakula umeme mara mbili, inawaka moto.

"Bei zinalingana," Twaha akaniambia. "Lakini kwa gemu lako chukua ya core sita. Gemu lenyewe halitumii hata hizo sita zote. Hiyo ya nane itakuchoma bure."

Mimi roho yangu ikawa imeshaamua. Core sita.

Ila nyumbani kwetu hakuna kitu chenye waya kinachoingia bila kikao. Baba alikuwa katibu wa kikundi cha wakulima wa chai miaka ishirini. Alistaafu, lakini ukatibu haukumtoka. Hata tuliponunua pasi kulikuwa na ajenda, mahudhurio na mengineyo.

Basi jioni tukakaa wanne, baba na daftari lake, mwenyekiti yeye, katibu yeye.

"Ajenda ya kwanza," akasoma, "ni ubongo wa kompyuta. Mtoa hoja aeleze."

Nikaeleza. Baba alisikiliza, akavua miwani, akasema kitu ambacho sitakisahau.

"Hili mbona jepesi. Ni kama chai. Ukichuma majani mawili na chipukizi, unapata kidogo lakini safi. Ukizoa majani makubwa makubwa, kikapu kinajaa na ubora unashuka. Hizo core nane ni majani makubwa. Naunga mkono sita."

Aisee, nilitaka kumkumbatia mzee.

Mama akakohoa. "Mwenyekiti, mimi mnanijua. Mwezi wa sita nimezika vifaranga kumi na mmoja kwa baridi. Sasa nimeletewa arobaini wengine, wako jikoni wanalia. Mkaa haushikiki. Taa yao imeungua. Halafu huyu anataka umeme wa LUKU uingie kwenye michezo?"

Hapa, wakuu, ndipo nilipoyatimba. Nilitaka kumwonyesha mama kwamba nimechagua kwa busara. Nikataka aichukie ile ya core nane. Nikajitia msemaji.

"Mama, hii ninayotaka haina shida. Mbaya ni ile nyingine. Ile inatoa joto balaa! Ukicheza saa moja tu chumba kizima kinakuwa kama Mombo!"

Mama akageuka.

Jamani, mimi ni mtoto wa Shambaai. Nimezaliwa kwenye ukungu. Mwezi wa saba kwetu watu wanalala na makoti. Halafu namwambia mwanamke mwenye vifaranga arobaini kwamba kuna kitu kinaleta joto la Mombo, kule chini bondeni, ndani ya nyumba, na ninadhani ninakiponda!

Mama akaegemea mbele taratibu. "Rudia hapo. Kama Mombo?"

"Hapana mama, nilikuwa natia chumvi..."

"Mombo hii ya embe?"

Happiness akaanza kucheka. Baba akaandika.

"Natoa hoja," mama akasema, "inunuliwe hiyo ya nane. LUKU nitachangia mimi."

Tukapiga kura. Mimi na baba, sita. Mama, nane. Akabaki Happiness. Mama akamwangalia kwa upole ambao sijawahi kuuona, akamwambia, "Mwanangu, yule jogoo mwekundu unampenda, eti? Ni wako."

Happiness akanyoosha mkono. Nane.

Mbili kwa mbili. Baba akasema katika sare kura ya turufu ni ya mwenyekiti. Nikashusha pumzi. Mama akamwambia, "Mwenyekiti, kumbuka nani anakupikia." Mwenyekiti akafikiri kidogo, akaandika: ubongo wa core nane umepitishwa kwa kauli moja.

Nilinuna siku mbili. Nani anasikiliza kununa?

Twaha akaja na pikipiki kutoka Lushoto, akaifunga huku anatikisa kichwa. Kompyuta ikahamishiwa sebuleni. Mama akafungua ubavu wa kasha, akaweka boksi la vifaranga pembeni yake, joto liwafuate. Nikawasha gemu. Nusu saa, vifaranga wakaacha kulia. Mmoja akalala kabisa, mguu juu.

Mama akapiga ishara ya msalaba.

Kuanzia siku ile maisha yangu yaligeuka. Maana mama aligundua kitu: nikicheza, joto linapanda. Nikiacha, linashuka. Kwake mimi nikawa kuni.

"Alen, mbona umesimama?"

"Mama, naenda chooni."

"Dakika mbili. Watoto wanatetemeka."

Wageni wakija ananisifia. Mama huyu huyu! "Kijana wangu anajituma, tangu asubuhi hajainuka." Mimi nikatamani shamba. Ndiyo siku ile nikatoroka kwenda kuchuma chai, yakanikuta yale ya fimbo.

Wakati wa kula alinipokea zamu. "Wewe kula, nitakushikia." Nilimwachia kwenye uwanja wa mazoezi, nikidhani anapiga kuta tu. Nilikuwa nakula makande yangu bila hata kugeuka.

Jumamosi ya fainali ikafika, saa nane mchana. Sheria ilitaka kamera iwake na maiki iwe wazi, kila mtu aone sura ya mchezaji. Dada Sabra yuko hewani, watu zaidi ya mia mbili wanatazama. Wa kwanza kufikisha mizunguko mitano ndiye mshindi.

Idrisa akaanza na mdomo wake. "Mchuma chai, leo narudisha kikapu chako kikiwa kitupu."

Na ile core nane, kusema kweli, haikuniangusha. Risasi ilitoka siku hiyo hiyo. Tukaenda mguu kwa mguu mpaka nne kwa nne. Mzunguko mmoja tu kati yangu na mshahara.

Nikasikia: pii! Kisha krrrr.

Nikageuka. Kifaranga mmoja karuka boksi, kaingia ndani ya kasha, kakaa juu ya feni ya prosesa. Feni imegoma. Kioo kikaandika onyo jekundu: joto limezidi.

"Usimwue!" mama akapiga kelele.

Nikaacha kipanya, nikaingiza mikono miwili, nikamtoa mzima mzima. Lakini feni ilikuwa imevunjika panga, haizunguki tena. Kompyuta ikizima, nimepoteza kazi.

"Ungo!" nikaita. "Happiness, leta ungo!"

Wakuu, nilipepea ile prosesa kama mtu anayepepeta mpunga wa harusi. Nikiacha kupepea, inazima. Nikipepea, sichezi. Nikaanza kulia, siwafichi. Miaka yote ile ya kuitwa mvivu, nimefika mlangoni, nakwamishwa na kuku.

Mama akanitazama usoni. Akafunga kitenge vizuri, akakaa kwenye kiti changu.

"Pepea," akasema.

Akashika kipanya. Idrisa alikuwa amejificha nyuma ya ghala, anavizia. Mama hakukimbia wala hakujificha. Akasogea kwenye maiki.

"Wewe kijana! Unanisikia?"

Idrisa akashtuka. "Nani huyo?"

"Mama yake Alen."

Mtu mzima akijitambulisha, mtoto wa milimani unafanyaje? Uvunge, ujifanye hujasikia?

"Shikamoo mama," Idrisa akasema.

"Marahaba mwanangu. Hamjambo huko?"

"Hatujambo, mama."

Na adabu ikamponza. Mtoto aliyelelewa hasalimiani na mtu mzima akiwa amejificha nyuma ya ghala. Sijui kama alikusudia, lakini mtu wake kwenye gemu akatoka, akasimama wima katikati ya uwanja, bunduki chini.

"Wewe ni mtoto wa nani?"

"Wa Bi Mwanahawa, mama. Anauza letasi sokoni."

"Ahaa! Namfahamu! Mwenye kibanda cha kona. Msalimie sana, mwambie Jenoveva wa Mponde."

"Zimefika, ma—"

Pa!

Tano kwa nne.

Nyumba ililipuka. Happiness anaruka, baba anapiga meza na daftari, mimi nimekumbatia ungo.

"Haiwezekani!" Idrisa akapiga kelele. "Nilikuwa nasalimia!"

"Na mimi nilikuwa naitikia," mama akajibu.

"Dada Sabra, huyu kabadilisha mchezaji! Aondolewe!"

Ni kweli, sheria ilisema mchezaji ni mmoja tu. Dada Sabra akasema ngoja nitazame orodha ya waliojisajili. Akaisoma mara ya kwanza, akaisoma mara ya pili. Halafu akaanza kucheka mpaka miwani ikamtoka.

"Alen," akasema, "wewe hukusajiliwa popote."

"Dada, nilijisajili! Kiingilio nililipa kwa simu!"

"Kililipwa. Orodha yetu inafuata jina la mlipaji, na lililotoka ni Jenoveva."

Nikachoka. Ile laini ninayotumia, wakati wa kusajili laini kwa vidole, mimi kitambulisho cha taifa kilikuwa hakijatoka. Mama ndiye aliyeweka kidole. Kwa mtandao wa simu mimi sipo duniani, aliyepo ni mama.

"Kwa hiyo," dada Sabra akaendelea, "mshiriki halali ni mama. Aliyekaa kwenye kiti cha watu ni wewe. Idrisa, kama hujaridhika, rudieni mzunguko mmoja. Wewe na mama."

Idrisa alimtazama mama kwenye kamera. Mama akamtazama.

"Hapana, dada," akasema kwa unyonge. "Akinisalimia tena, nitafanyaje?"

Na kazi ni ya mshindi.

Nilidhani mama ataniachia. Aliniita pembeni, akanishika bega, akasema, "Mwanangu, mimi nimechuma chai miaka thelathini, mgongo umekwisha. Hakuna aliyewahi kunipa kazi ya kukaa." Macho yake yalikuwa na machozi. Nikaitikia kwa kichwa.

Sasa hivi mama ndiye meneja wa ukumbi wa gemu Bumbuli. Anaondoka na bodaboda saa mbili asubuhi, amevaa koti la kanisani. Nasikia kule hakuna kijana anayewashiwa mashine kabla hajaamkia, na matusi kwenye maiki yamekwisha. Idrisa anakwenda kila Jumapili, anampelekea letasi.

Na mimi? Mama kanunua feni mpya, kaongeza na vifaranga, sasa ni mia na ishirini. Nimeajiriwa na yeye, nacheza kutwa, mshahara napewa mwisho wa mwezi.

Somo langu ni hili. Kabla hujakiponda kitu mbele ya mtu, jua kwanza yeye anahitaji nini, maana unaweza ukawa unakitangaza. La pili, laini yako weka kidole chako.

Na la mwisho nalisema bila aibu, ingawa ilikuwa kazi yangu na niliililia. Jioni yake ya kwanza alirudi, akavua viatu, akakaa, akasema, "Leo mgongo hauumi." Nilitoka nje nikajifanya natafuta kuni.