Jani la Isale kwa Meneja wa Chakula cha Ng'ombe

Aminieli ni mtoto wa marehemu dada yangu, na mkono wake unaponya mashine. Enzi za shirika la umma alikuwa fundi wa taipureta. Shirika lilipouzwa wakampunguza kazini, wakampa taipureta tatu mbovu badala ya kiinua mgongo. Alizibeba kwa toroli mpaka Kiboriloni, na alipofika nyumbani zote zilikuwa zimeshapona. Anayebisha hakuwepo.

Kompyuta zikaja, akazifuata. Kibanda chake karibu na soko kikajaa maboksi ya watu yaliyoliwa na virusi. Siku moja, mwaka 2006, nilimkuta ameshika sidii kwa mikono miwili kama mtu anayepokea mtoto mchanga.

"Mama mdogo, hii ni programu huria," akaniambia. "Ya barua, ya mahesabu, ya picha. Unaiweka, unainakili, unampa jirani, hata kuibadilisha ruksa. Hakuna wa kukufuata."

"Nani kaitengeneza?"

"Watu wengi, kila mmoja kwao."

Shule mimi niliiona kwa nje tu, nikimpelekea mwalimu ndizi, lakini hilo nililielewa upesi. Ni mche wa mgomba. Unamwomba jirani, anang'oa anakupa, shamba lake halipungui, na mwakani wewe unampa mwingine. Mtu anayemuuzia jirani mche wa mgomba, huku kwetu hata mbwa wake anamwonea aibu.

Aminieli alitaka Jumamosi moja kwenye ukumbi wa usharika, awaonyeshe watu namna ya kutumia programu zile na kuwagawia sidii mia tatu. Hakuwa na sidii tupu wala jenereta, kwa hiyo akaandikia makampuni kuomba ufadhili. Kila alikokwenda swali lilikuwa lile lile: "Kitu chenyewe cha bure, sasa msaada wa nini?" Mmoja alimuuliza kama hiyo ni dini mpya.

Barua ya mwisho ilikwenda kiwanda cha chakula cha ng'ombe, kwa meneja Ebenezeri, mtu wa kabila letu kutoka Marangu. Mwezi ukapita, kimya. Pale sokoni wanawake wakaanza: "Fundi wa bure hajambo? Bado anaomba pesa kwa kitu cha bure?"

Damu ikanichemka. "Kwa taarifa yenu," nikasema, "kiwanda kimeshakubali. Meneja alipoisoma barua alilia machozi!"

Filemon, mchora mabango ambaye Aminieli alishamwagiza bango siku ufadhili ukipatikana, alikuwa ananunua nyanya pembeni. Kesho yake alikuwa anakwenda Tarakea kwenye kazi, kwa hiyo hakungoja kuuliza mtu. Jioni ile ile bango la kitambaa lilivuka barabara: jina la kiwanda, siku ya Jumamosi, na ng'ombe mkubwa kuliko kanisa.

Asubuhi meneja akapita na pikapu yake. Saa tatu tu, ujumbe ukafika kibandani: aliyetumia jina la kiwanda bila ruhusa aje ofisini kesho, kabla mambo hayajafika polisi.

"Nani alimwambia Filemon kwamba wamekubali?" Aminieli akauliza.

Mimi nikazidi kuchambua maharage.

"Mama mdogo!"

"Nilikuwa nakutetea, mwanangu."

"Kibanda changu watakifunga! Jumamosi ndiyo imekufa hivyo!"

Usiku ule maharage hayakulika. Alfajiri nikaenda mpakani mwa shamba nikakata jani la isale, nikalifunga fundo. Huku kwetu, ukimkosea mtu ukampelekea isale, anasamehe, hata kama umemuulia ng'ombe. Kulikataa ni kujitafutia balaa.

Ofisini tukamkuta Gladness, sekretari. "Shikamoo bibi. Mna miadi?"

"Marahaba. Tuna hili."

Aliliona jani, akatufungulia mlango mwenyewe.

Ebenezeri alikuwa ameshanyanyua kidole cha kugomba. Alipoona nilichoshika, kidole kikarudi mezani taratibu.

"Shikamoo mama. Mama, hii ni ofisi. Tuna mwanasheria hapa."

"Marahaba. Huyo mwanasheria hana mama?"

Simu ikalia, hakuipokea. Akatazama dirishani, akatazama dari, akamtazama Aminieli. Mwisho akasimama, akalipokea jani kwa mikono miwili.

"Nimesamehe. Sasa nani alisema nimekubali?"

"Mimi."

"Na hayo ya sokoni, kwamba nililia?"

"Hapo nilitia chumvi kidogo."

Akajitahidi kukunja uso. "Na yule ng'ombe wenu ana chuchu sita!"

"Filemon anasema ni kwa sababu ya chakula chako."

Meneja alicheka mpaka miwani ikaanguka kwenye chai. Baada ya kuifuta akamgeukia Aminieli: "Haya, fundi. Nikikufadhili, kiwanda kinapata nini?"

Aminieli akafungua mdomo kutoa hotuba. Nikamkanyaga mguu.

"Kila atakayekuja ana ng'ombe zizini," nikasema.

Tukapata sidii na jenereta, bango likabaki na chuchu zake zote. Jumamosi watu walijaa mpaka mchungaji akadhani ni Pasaka. Wapo waliokwenda kutundika sidii kwenye ulezi kutishia ndege, sikatai. Lakini karani wa usharika alichapa barua yake ya kwanza pale pale, na Aminieli akasimama mbele ya watu, mrefu kuliko nilivyowahi kumwona.

Wiki tatu baadaye Ebenezeri akaja nyumbani kwangu kwa miguu, mkononi ana jani la isale.

"Mama, tumewakosea. Gladness ameinakili ile sidii kwenye kompyuta zote za kiwanda, na hatukuwaomba."

Aminieli akaruka: "Lakini meneja, hiyo ndiyo maana ya—"

"Aminieli," nikasema, "kamletee mgeni kata ya mbege anywe."

Nikalipokea jani kwa mikono miwili, uso nimeukaza. "Tumesamehe. Ila mwakani tutahitaji ukumbi mkubwa zaidi."

"Basi andikeni barua, mama, tutaiangalia."

"Barua ya nini? Sokoni nimeshatangaza kwamba umekubali."

"Na nimelia?"

"Hapana. Safari hii nimewaambia utaleta na mbege."