Kijiko cha Tatu Melini

Tulipopanda meli Karema kumpeleka mama hospitali Kigoma, alikuwa na siku nne hajala. Kila alichomeza kilirudi. Chakula cha mchana kilipotangazwa, baba alibaki naye kitandani, mimi na kaka yangu tukaenda mgahawani. Familia nyingine zilikuwa zinacheka huku zinakula wali na samaki wa migebuka. Mimi na kaka hatukula hata tonge. Nikaacha sahani, nikaingia jikoni.

"Abiria haruhusiwi huku," mpishi alisema.

"Dada, naomba uji tu. Mama yangu anakufa."

Alinitazama, kisha akabandika sufuria.

Nilimnywesha mama taratibu, kaka akimshika kichwa kwa sababu meli ilikuwa inayumba. Kijiko cha kwanza alikitapika. Cha pili nacho kikatoka. Baba akageukia ukutani. Nikambembeleza mama kwa Kibende, lugha yetu ya nyumbani, kama alivyonibembeleza nikiwa mtoto. Cha tatu kikakaa.

Akafumbua macho. "Nyie mmekula?"

"Tumekula, mama," tukamdanganya.

Hakumeza kingine. Tulifika Kigoma akiwa bado anapumua. Wauguzi walipomtundikia dripu, baba alikaa chini pale pale kwenye korido ya hospitali, akalia.